Kitabu Kilichotumika na Mfungwa



Amri ya kwanza kumshukia Mtume (S.A.W.) ilikuwa amri ya kusoma, wala haikumbagua aliye nyuma ya kuta za gereza.

Mwaka 1946 kijana mmoja wa Marekani, Malcolm Little, alifungwa kwa wizi. Shule aliiacha baada ya darasa la nane, na hata kuandika barua kulimtaabisha. Mwaka 1948 alihamishiwa gereza la Norfolk, Massachusetts. Humo mlikuwamo maelfu ya vitabu vikuukuu, wasia wa tajiri aitwaye Parkhurst, vingi vingali makashani. Kijana akaanza kwa kunakili kamusi kwa mkono wake. Kisha akawa akisoma usiku, ameketi sakafuni, kwa mwanga wa taa ya ujiani, akirukia kitanda kila apitapo mlinzi. Alitoka mwaka 1952, na ulimwengu ukamjua kwa jina la Malcolm X. Mwaka 1964 alihiji Makka, na mwaka huo huo akafika Dar es Salaam.

Basi nani ajuaye kitabu kilichomlalia kabatini kitamfaa nani? Wapo watoao vitabu vilivyochanika nusu, wakaiita sadaka. Hiyo si sadaka, ni kufagia nyumba. Na kitolewe kilicho na kurasa zake zote. Na kwanza aulizwe mkuu wa gereza ni vitabu gani viruhusiwavyo, na ni lugha gani isomwayo humo.

Mwenyezi Mungu awatakabalie watoao, na awafariji waliofungwa. Amin.