Karatasi ya Aprili: Utafiti au Masomo ya Kiangazi kwa Mwanafunzi wa Afrika Mashariki Marekani



Nimeombwa nianze na maana ya maneno. Masomo ya kiangazi ni kozi ya muhula mzima iliyobanwa katika wiki tano hadi nane. Utafiti wa kiangazi ni kazi ya maabara au mradi wa profesa, mara nyingi kwa wiki kumi. Haya mnayajua.

Ninalopambana nalo mwaka hadi mwaka katika kazi hii ya ushauri ni tarehe. Mwanafunzi hubisha hodi Aprili, mkononi ana karatasi aliyoipiga mstari katikati: kushoto masomo, kulia utafiti. Amepiga hesabu ya ada, ya kodi ya chumba, hata ya nauli ya basi. Huniuma kumwambia kwamba upande wa kulia umeshafungwa. Programu nyingi za utafiti hufunga maombi kati ya Januari na Machi, na zinataka barua za walimu wanaokufahamu. Barua hiyo haiandikwi kwa siku moja.

Kwetu sisi wageni kuna kizuizi kingine. Programu za REU, yaani za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, zinazogharimiwa na National Science Foundation tangu 1987, huwalipa posho raia wa Marekani na wakaazi wa kudumu tu. Nimeona mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, akijaza fomu hizo usiku kucha, na hakuna aliyemwonya. Mlango wake uko chuoni kwake. Wakati wa masomo anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki, na likizoni kutwa nzima. Maprofesa wengi wana mikataba ya miezi tisa, hivyo kiangazi ndiyo nafasi yao ya utafiti, ila fedha za wasaidizi huwa wameshazipangia mapema. (Kuhusu viza, neno la mwisho ni la ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, mimi si mwanasheria.)

Sipingi masomo ya kiangazi. Aliyekwama kwenye kozi inayomzuia kuendelea, aisome. Ajue tu kwamba katika kozi ya wiki sita, kuugua siku tatu ni kupoteza zaidi ya wiki nzima ya muhula wa kawaida. Aulize pia kama ufadhili wake unafika kiangazi.

Napendekeza mwanafunzi amwendee profesa Oktoba, akiwa amesoma angalau makala moja ya kazi yake. Barua ziombwe kabla ya likizo ya Desemba. Asome masharti ya uraia kabla ya kujaza fomu yoyote. Washauri wenzangu, tusingoje kubishiwa hodi. Narudia, Oktoba. Na vyama vya wanafunzi viwakutanishe wa mwaka wa kwanza na waliowahi kufanya utafiti, Septemba hiyo hiyo wanapofika.