Viwavi Kwenye Michungwa ya Uani

Hotuba ya kamati ya bustani, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya chama



Historia ya chama katibu ameisoma vizuri, hatutairudia. Sisi tuna jambo moja tu. Muheza yetu inajulikana kwa machungwa, na wenzetu wengi hapa wamechukua mkopo wa chama wakanunua miche iliyobebeshwa, wakaipanda uani. Mche ni akiba. Unaupanda leo, unangoja miaka mitatu minne ndipo uone matunda ya maana. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Kiwavi naye anakula haba na haba, mpaka mche unabaki vijiti na mkopo bado unadaiwa.

Kwanza tumjue adui. Mama yake ni yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Hutaga yai moja moja kwenye majani machanga ya mchungwa, mlimau na mndimu. Yai ni la mviringo, dogo kama kichwa cha pini. Kiwavi akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, ndiyo maana tunampita bila kumwona. Akikua anakuwa wa kijani, urefu karibu sentimita 5. Ukimgusa anatoa pembe mbili nyekundu zenye harufu mbaya. Msiogope, hana sumu, anatisha tu.

Mti mkubwa unavumilia. Mche mchanga hauvumilii. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki, asubuhi, geuza majani ya machipukizi, okota mayai na viwavi, ponda. Kwa miche miwili mitatu, kazi hii inakwisha kabla chai haijachemka.

Viwavi wakizidi, tutumie mwarobaini. Chukua kokwa za mbegu zilizokauka, menya, twanga, loweka gramu 50 kwa kila lita moja ya maji usiku kucha. Chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni, maana jua huondoa nguvu ya dawa. Kiwavi hafi pale pale. Anaacha kula kwanza. Nayo si ya kunywa, iwekeni mbali na watoto.

Yupo pia kiwavi mwingine anayeingia ndani ya chungwa lenyewe, likaoza na kuanguka. Huyo dawa ya majani haimpati. Okoteni machungwa yaliyoanguka kila mara, myafukie kina cha nusu mita. Ukiyaacha chini ya mti, umemfugia kizazi kijacho.

Na wale sisimizi wekundu, maji moto, wanaoshona majani kuwa viota, tusiwachome moto. Wanauma, ni kweli, lakini wanawinda viwavi usiku na mchana bila kudai mshahara. Siku ya kuchuma, jipakeni majivu mikononi.

Sasa jamani, hapa tutasema kwa ukali kidogo. Wapo wanaopima dawa ya pamba kwenye chupa ya soda na kuiuza bila karatasi ya maelezo. Hujui ni dawa gani, hujui kipimo, hujui ukishapiga ungoje siku ngapi kabla ya kula tunda. Inaua maji moto pamoja na viwavi, halafu chupa inakaa jikoni. Mtoto anajua nini? Anajua chupa ya soda ni ya kunywa. Mche ukifa tutapanda mwingine.

Basi tunaomba mkutano mkuu uamue mambo mawili. Chama kisitoe mkopo wa kununua dawa isiyo na lebo. Na kila kikundi cha watano kipeane zamu ya kukagua miche ya mwenzao anapougua au anapojifungua, kama tunavyokumbushana marejesho.

Mungu aibariki miaka kumi ijayo.