Malori ya Mbarara na Dhamana ya Askari

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo yafaa kukumbukwa na kila askari asimamaye kizuizini katika barabara kuu itokayo Kampala kwenda Mbarara, na kutoka Mbarara kuelekea mipaka ya Rwanda, Tanzania na Kongo. Lori linalosimama mbele yake huonekana kuwa ni chuma na turubai tu. Kumbe ndani yake mna riziki ya maelfu ya watu, na historia ya sehemu hiyo yalithibitisha jambo hilo waziwazi.

Mbarara haikupata kufikiwa na reli. Reli ya kutoka Mombasa iliingia Kampala mwaka 1931, na ilipoendelezwa hadi Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, ilipita kaskazini na kuiacha Mbarara pembeni. Kwa sababu hiyo saruji, chumvi, mafuta na dawa vya mji huo vimeletwa kwa magurudumu. Dereva wa tela husafiri kilomita zipatazo 1,170 kutoka Mombasa hadi Kampala, na nyingine 270 hivi kabla ya kuiona Mbarara.

Wakati wa ukoloni kazi hiyo ilifanywa na Bedford na Leyland za Kiingereza. Wenye magari na mafundi wengi walikuwa Wahindi. Waafrika walikuwa madereva na matingo. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Wahindi, akawapa siku 90. Wakaondoka wenye magari, wakaondoka mafundi, na haukupita muda spea zikaadimika. Mwaka 1976, uhusiano na Kenya ulipoharibika, shehena za Uganda zilikwama Mombasa. Hapo ndipo wananchi walipotambua kwamba nchi isiyo na bandari huishi kwa hisani ya barabara, na barabara nayo huishi kwa amani.

Wanajeshi walilijua hilo kwa njia iliyo kali zaidi. Katika vita ya mwaka 1978 na 1979, serikali ya Tanzania ilichukua mabasi na malori ya raia ili kuwapeleka askari na zana zao mpaka Kagera. Brigedi iliyoongozwa na Silas Mayunga ilishika njia ya Mbarara, na mji huo ukatekwa mwezi Februari 1979. Bunduki haipigi bila risasi, na risasi haitembei kwa miguu yake. Nyuma ya ushindi wa askari yupo dereva, ambaye jina lake haliandikwi juu ya mnara wowote.

Lakini hakuna mahali panapoonyesha thamani ya lori kama makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, kusini mashariki ya Mbarara. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Baada ya mwaka 1994 wengi wao walirejea kwao. Wakaja wengine kutoka Kongo, Burundi, Somalia na Rwanda yenyewe, na leo idadi yao yapita 100,000. Lori likiiacha lami huingia barabara ya udongo, na mvua ikinyesha gurudumu huzama. Mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia vimefika Base Camp, Juru na Rubondo kwa njia hiyo.

Mwezi Aprili 2020 Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa, kwa upungufu wa fedha, lilipunguza posho ya wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30. Aidha, wakimbizi wengi sasa hupewa fedha badala ya chakula, wakanunue dukani. Yafaa askari alipime jambo hili kwa makini. Unga wa dukani huletwa na Fuso ya mfanyabiashara. Fuso hiyo ikitozwa kitu kidogo kizuizini, mfanyabiashara hapati hasara, huongeza bei. Anayelipa ni mama wa Rubondo, kwa kupunguza kibaba cha watoto wake.

Lori vilevile laweza kugeuzwa chombo cha msiba. Tarehe 14 na 15 Julai 2010, Wanyarwanda wapatao 1,700 walikusanywa Nakivale na Kyaka, wakapakiwa katika malori chini ya ulinzi wa silaha na kurudishwa Rwanda. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilitangaza kwamba wako waliokufa kwa kuruka kutoka juu ya malori hayo. Gari halina dhamiri. Dhamiri ni ya wale wanaotoa amri, wanaoipokea, na wanaofunga mlango wa nyuma.

Hakuna asemaye kwamba malori yasikaguliwe. Magendo yapo, silaha hufichwa chini ya magunia, na breki mbovu huua. Askari anayelipeleka lori mizanini na kumzuia dereva aliyelewa anailinda nchi. Lakini ukaguzi wa haki una kanuni zake: huanza na salamu, hutazama hati na mzigo, na huishia na ruhusa au mashtaka. Njia ya tatu, ile ya mkono unaonyoshwa dirishani, si sheria ya nchi yoyote.

Mpaka wa Gatuna ulipofungwa mwezi Februari 2019, malori yalipanga foleni na bidhaa zikaharibika, hata ulipofunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Kufunga na kufungua mpaka ni kazi ya serikali mbili. Kizuizi cha barabarani, hata hivyo, kimo mikononi mwa askari mmoja, usiku, mbele ya dereva aliyechoka. Akikifungua kwa haki, Nakivale itakula.