Kabla Hujanunua Laptopu ya Mwanachuo
Mada kwa wazazi na wahitimu wa kidato cha sita, Horohoro



Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mtu ambaye angevuka nayo mpaka huu wetu na Kenya enzi zile angekuwa na maelezo marefu ya kumpa ofisa wa forodha. Leo, chini ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza 2005, ushuru wa forodha wa kompyuta ni asilimia sifuri, na chuoni mwanafunzi anatakiwa awasilishe kazi iliyochapwa hata kama nyumbani kwao hakuna aliyewahi kugusa kibodi. Tabu ya mzazi wa Horohoro sasa ni kuchagua. Tanga mjini ni kilomita kama 65 za lami. Mombasa ni mbali zaidi, na kuna kivuko cha Likoni njiani, ila maduka ni mengi. Pande zote mbili utamkuta kijana wa dukani anakwambia: "Hii ni i7, mzee, hapa hukosei."

Msimamo wangu nautanguliza ili wa kubisha wajiandae. Kwa mzazi mwenye fedha za kubana, laptopu ya ofisi iliyotumika, ambayo fundi anaweza kuifungua na kuiongezea nguvu, ina faida kuliko laptopu mpya ya bei ya chini. Najua neno hili ni zito kwa mzazi. Mtoto wa kwanza katika ukoo anaenda chuo, nawe unataka umkabidhi kitu kipya, boksi likiwa halijafunguliwa.

Lakini hebu tulisome hilo boksi. Laptopu nyingi mpya za bei ya chini zina prosesa ya Celeron, ramu ya GB 4, na hifadhi ya aina ya eMMC ya GB 64. Windows 11 yenyewe, kabla mtoto hajaandika hata jina lake, inakula sehemu kubwa ya hizo GB 64, na kila sasisho linataka nafasi zaidi. Eneo likijaa, mashine inakuwa nzito hadi mtu anatamani kuipiga ngumi. Ukiipeleka kwa fundi hana la kukusaidia, kwa sababu hifadhi hiyo, na mara nyingi ramu nayo, imechomelewa kwenye bodi. Umenunua kitu kipya kisichoweza kukua.

Sasa chukua HP EliteBook 840 G5, Lenovo ThinkPad T480 au Dell Latitude 5490. Hizi ni mashine za mwaka 2018 zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi. Kampuni za Ulaya na kwingineko huzitumia miaka michache, kisha huziondoa zote kwa mpigo, nazo zinatufikia. Ramu yake inachomoka: leo unanunua ya GB 8, mwakani ukipata fedha unaongeza. Diski ya SSD inabadilishwa kwa bisibisi, na vipuri vyake mafundi wa Kariakoo na Mombasa wanavijua. T480 ina betri mbili, moja ya ndani na nyingine ya kuchomoa kwa nje, jambo la maana pale umeme unapokatika wiki ya mitihani.

Kwa nini nimetaja EliteBook ya G5 na si ya G3, wakati G3 zimejaa madukani na bei yake inavutia? Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11, kwa upande wa prosesa za Intel Core, inadai kuanzia kizazi cha nane. G3 ni kizazi cha sita, G4 ni cha saba, na G5 kwa kawaida ni cha nane. Moja ya sababu za mashine za zamani kumwagwa sokoni ni hiyohiyo: wenye maofisi wanazikimbia. Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye G3, na itaingia, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho ya usalama.

Kizazi unakisoma kwenye jina kamili la prosesa. Ukiona i5-8250U, ile 8 inayofuata kistari ndiyo kizazi. Ukiona i7-7500U, ni cha saba. Na yule kijana wa dukani anayekusifia i7 hatakwambia kwamba i7-7500U ina viini viwili tu, wakati i5-8250U ina vinne. Stika ya i7 peke yake haina maana yoyote. Kadhalika usibabaishwe na "diski ya TB 1" ikiwa ni ile ya zamani inayozunguka. SSD ya GB 256 itamfaa mwanafunzi zaidi.

Mwenye laki nne mkononi na hapati zaidi afanye nini? Achukue hiyo ya kizazi cha sita yenye SSD, aweke Linux ya Ubuntu pamoja na LibreOffice, vyote bure. Kwa anayesomea ualimu wa Kiswahili au sheria itamvusha. Ila asinunue akidhani amepata Windows ya miaka minne.

Fani nazo zinatofautiana. Anayekwenda Chuo Kikuu Ardhi kusomea usanifu majengo atakutana na AutoCAD na programu za kuchora kwa sura tatu, na huyo anahitaji ramu ya GB 16 na ikiwezekana kadi ya picha inayojitegemea. Wa uhasibu, ualimu, uuguzi au utawala, GB 8 zinamtosha. Kijana akikwambia fani yake ya maendeleo ya jamii inahitaji mashine ya kuchezea gemu, muulize vizuri.

Kuna wanaosema, tusubiri boom, yaani fedha ya mkopo. Fungu la vitabu na viandikwa la Bodi ya Mikopo limekuwa shilingi 200,000 kwa mwaka, halinunui laptopu. Fedha ya chakula na malazi, ambayo mwaka 2022 ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, ikigeuzwa laptopu maana yake mtoto atalala na njaa. Afadhali mwanafunzi aanze muhula kwa maabara ya kompyuta ya chuo, mzazi aendelee kudunduliza, kuliko kununua takataka kwa haraka.

Sasa suala la upande upi wa mpaka. Plagi za Kenya ni kama zetu, hilo lisikutishe. Lakini dhamana ya duka la Mombasa iko Mombasa, na kila mashine ikigoma utalipa nauli, uvuke mpaka na upange foleni ya kivuko. Tena, wapo wanaodhani kile cheti rahisi cha uasili kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo kitawavusha na laptopu. Hapana. Kile ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na laptopu imetoka China. Itangaze forodhani ukiwa na risiti mkononi. Ushuru wa sifuri haufuti kodi na ada nyingine. Mimi, tofauti ya bei isipokuwa kubwa, ningenunua Tanga mjini.

Popote utakaponunua, ikague kabla ya kutoa fedha kama mnunuzi wa ng'ombe anavyomfunua mdomo. Iwashwe ukiwa hapo, bila chaja. Fungua sehemu ya amri, andika powercfg /batteryreport, na ripoti itakuonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebaki na kiasi gani. Ikiwa chini ya nusu, upunguziwe bei. Bonyeza kila kitufe, maana nyingine zinatoka Ujerumani na herufi Y na Z zimebadilishana nafasi. Mwambie muuzaji aifute na kuiwasha upya kwenye intaneti mbele yako. Ikidai barua pepe ya kampuni fulani, bado imefungwa na mwenyewe wa zamani, iache hapohapo. Risiti iandikwe namba ya mashine, kwa sababu laptopu ya wizi nayo huuzwa kwa tabasamu.

Kwa siku hizi ambazo bado mpo nyumbani, jambo moja la hapa kwetu. Simu mnayoitumia kuiunganishia laptopu intaneti inaweza kudaka mnara wa Kenya bila kuwaambia. Zimeni huduma ya mtandao wa nje kwenye simu, na kwenye Windows wekeni kwamba intaneti hiyo inalipiwa kwa kipimo. La sivyo, sasisho moja la usiku litameza bando la mwezi.

Walioandika namba za prosesa za laptopu walizooneshwa madukani, tukutane meza ya nyuma wakati wa chai tuzisome moja moja.