Ordinatere ya Chama: Siye Wenyewe Tumeiunga



Mumetuuliza: makuta ya chama yamekwenda wapi, na kwa nini hatukununua mashine iliyo tayari? Ni haki yenu kuuliza. Michango ya msiba na ya ugonjwa iko katika daftari moja tu. Likilowa mvua, mama aliyechanga tangu turudi kutoka kambini hatakuwa na ushahidi.

Kwa nini ya mezani? Ile ya kupakata inakula kuranti kidogo, ni kweli. Lakini ikikufa, mara nyingi fundi anasema mununue ingine. Ya mezani, kifaa kimoja kikikufa, unabadilisha hicho tu. Basi tulitafuta vifaa vya okazyo, kimoja kimoja, kila kimoja na risiti yake.

Kwanza ni kujua nini inaoana na nini. Prosesa za kawaida za Intel za 2011 na 2012 zinakaa katika soketi 1155. Zile za 2013 zinataka 1150, pale hazikubali. Rami ya DDR3 nayo haiingii mahali pa DDR4, pengo lake liko sehemu ingine. Kwa hiyo tuliandika namba kwanza, makuta yakatoka kisha.

Siku ya kuunga, kabla ya kushika kifaa tuligusa chuma tupu cha boksi, maana umeme mdogo wa mwilini unaweza kuua rami bila wewe kusikia kitu. Prosesa iko na pembetatu ndogo kwenye kona; tuliilinganisha na alama ya soketi, ikalala yenyewe bila kusukumwa. Juu yake dawa ya joto, kama punje ya mchele, kisha feni.

Halafu nyaya. Ule mkubwa wa pini 24 kila mutu anauona. Ule mdogo wa prosesa ndio unasahaulika: feni inazunguka, ekrani inabaki nyeusi. Tena, alimantasyo nyingi za zamani ziko na kitufe nyuma: 115 ama 230. Kuranti yetu ni 220, basi kisome 230. Kikibaki 115 ukachomeka, alimantasyo inaungua palepale.

Tuliwasha vyote mezani kwanza, mbele ya kufunga ndani ya boksi. Picha ikatokea. Tukaweka Linux, ambayo hailipiwi.

Sasa, ndugu, mashine haina akili ya kujua nani alichanga. Tunaomba kila mwanachama apite kuhakikisha jina lake na kiasi chake. Daftari halitupwi. Kila juma tutakopi majina kwenye fleshi, ilale nyumba ingine, maana ordinatere nayo inakufa.

Na vijana, wasichana kwa wavulana: boksi linafunguliwa kwa bisibisi moja. Mwenye kutaka kujifunza aje, tutalifungua pamoja.