Cheo Hakiendeshi Duka

Tarehe 4 Agosti 1972, mbele ya askari mjini Tororo, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasi za Kiingereza watafukuzwa Uganda. Baadaye maduka na viwanda viligawanywa, Mbarara ikiwa miongoni mwa miji hiyo, na maofisa wa jeshi walipata fungu nono. Wengi waliuza bidhaa walizozikuta, wakala faida pamoja na mtaji. Cheo hakikuweza kuwaletea bidhaa nyingine.

Manubhai Madhvani, mkuu wa kiwanda cha sukari cha Kakira, alifungwa, kisha akafukuzwa. Mwaka 1985 alirejea kukifufua kiwanda kilichokwisha kuzorota. Muwa haukomai kwa amri. Yataka fedha, ujuzi na subira.

Leo mwenye duka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale hununua bidhaa Mbarara, akauza, akarudi kununua tena. Hana cheo, lakini anajua kwamba mtaji hauliwi.

Askari anayelinda ghala usiku naye anajua: kukabidhiwa ufunguo si kupewa mali. Kila aliyekabidhiwa kampuni hana budi kulikumbuka hilo.