Mkopo wa maji: nani anaomba, nani analipa

(Mada niliyoitoa kwenye semina ya vijana wa chama. Nimepunguza kidogo urefu, maneno nimeyaacha kama nilivyoyasema.)

    

Kwanza msiniite wakili. Wakili ni aliyepita Shule ya Sheria akaapishwa, mimi niko mwaka wa tatu chuoni na bado natafuta hela ya nakala za vitabu. Lakini sheria za mikopo nimezisoma, na nimeomba dakika hizi kwa sababu kuna jambo kwenye mikutano yetu linanikera.

Asubuhi tunapanda jukwaani tunasema serikali imekopa kupita kiasi, deni la taifa linapaa. Jioni, kata ya pili, tunasema serikali imeshindwa kuleta maji. Mama aliyesikiliza mikutano yote miwili anarudi nyumbani na dumu lake anajiuliza: hawa watoto mabomba watanunua kwa hela gani? Swali lake ni halali, na sisi hatujamjibu.

Jibu langu ni kwamba kukopa kwa ajili ya maji si dhambi. Bomba kubwa likizikwa leo litatumika miaka mingi, na mtoto anayezaliwa leo atalitumia akiwa na watoto wake. Kudai gharama yote ilipwe na walipakodi wa mwaka mmoja ndiyo kusubiri milele. Kukopa kwa ajili ya posho na mashangingi, huko ndiko tupige kelele mpaka sauti zikauke. Kwenye maji, kelele zetu ziende kwingine: nani aliomba huo mkopo, kwa karatasi zipi, kwa sarafu ya nchi gani, na nani atakatwa kuulipa.

Sasa, mlango mkubwa kuliko yote ni Hazina. Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali, Sura ya 134, ya mwaka 1974, inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Serikali. Waziri wa Maji hakopi. Mkuu wa mkoa hakopi. Mbunge anayesema "nimewaletea mkopo wa maji" anatania tu.

Mfano mnaoujua ni mradi wa miji 28, mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Mikataba ya ujenzi ilisainiwa Chamwino Juni 2022. Chukueni simu tupige hesabu. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300, kwa hiyo dola milioni 500 ni kama trilioni 1.15. Mwaka 2024 kuna miezi dola ilifika karibu 2,700. Dola zilezile milioni 500 zikawa trilioni 1.35. Tofauti ni bilioni 200, na hapo hakuna hata koki moja iliyoongezeka. Shilingi ikipanda mzigo unapungua, ndiyo, na mwishoni mwa 2024 ilipanda kweli. Lakini mteja wa maji analipa kwa shilingi, mkopo unalipwa kwa dola, na hatari ya katikati inabebwa na nchi nzima. Mkopo wa nje unaweza kuwa na riba ndogo ukabaki ghali. Sasa niulize, nani hapa amewahi kusoma mkataba wa mkopo wowote wa maji? Mikono naona iko chini. Hata walioko meza kuu.

Mlango wa pili ni halmashauri. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inaruhusu halmashauri kukopa kwa kibali cha Waziri, na sheria hiyohiyo inaitambua Bodi ya Mikopo ya Serikali za Mitaa. Kwenye karatasi mlango uko wazi. Lakini mkopeshaji yeyote anaangalia una mapato gani ya kwako mwenyewe. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilihamishiwa TRA, mwaka 2021 ikaingizwa kwenye LUKU. Unamnyang'anya mtu ng'ombe, halafu unamwambia akaombe mkopo kwa dhamana ya maziwa. Hapa sitakaa sana, mnajua miji ipi ilikuwa mikononi mwa nani mwaka 2016.

Mlango wa tatu ndio ulionifanya niombe nafasi hii. Ni mamlaka ya maji yenyewe kukopa.

Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12. Muda miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Walipofunga mauzo walikuwa wamepata bilioni 54.72, yaani asilimia 103 ya walichoomba. Ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Fedha hizo ni za kupanua huduma ya maji Tanga mjini na kufika Muheza, Pangani na Mkinga.

Najua kuna mtu hapa kifua kimeanza kupanda: ni mradi wao, kwa nini tuusifu? Mimi nausifu kwa sababu moja ya kisheria. Ili uuze hatifungani kwa umma lazima uandike waraka wa matarajio, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana iupitishe. Humo unaweka hesabu zako zilizokaguliwa, mapato yako, madeni yako, hela utaifanyia nini, na mambo yanayoweza kukukwamisha usilipe. Yaani mwombaji anavua shati mbele ya watu. Mwananchi wa Pangani akitaka kujua mamlaka yake imekopa nini na kwa masharti gani, ana pa kuanzia. Huo uwazi tuutake kwenye kila mkopo wa maji, wa ndani na wa nje. Kama aliyenunua hatifungani anastahili kusoma masharti, kwa nini anayelipa ankara asistahili?

Ila msiondoke hapa mkishangilia. Asilimia 13.5 ya bilioni 53.12 ni kama bilioni 7.2, na hiyo ni riba ya mwaka mmoja tu kabla hujagusa deni lenyewe. Hatifungani ya namna hii inalipwa kwa mapato ya mamlaka, na mapato ya mamlaka ni ankara. Ni wewe na bibi yako.

Kwa hiyo mamlaka yoyote iliyokopa ina njia mbili: iuze maji mengi zaidi, au ipandishe bei. Ikitaka kupandisha bei inapeleka maombi EWURA, na EWURA inaitisha mkutano wa taftishi kusikiliza wananchi. Nendeni siku moja muone. Ukumbi mkubwa, viti vitupu, wazee wachache, na watumishi wa mamlaka wamejaza mistari ya mbele. Sisi tunaojaza uwanja kwenye mkutano wa hadhara, siku ya taftishi hatupo! Halafu bei ikipanda tunaandika mtandaoni kwa herufi kubwa.

Na taftishi ukienda usiende kulia tu kwamba maisha ni magumu. Uliza upotevu wa maji. Kiwango kinachovumilika kwenye sekta ni asilimia 20, yaani kwenye kila ndoo kumi zilizosafishwa, mbili zipotee njiani kwa mabomba mabovu, mita mbovu au wizi. Taarifa za CAG zimerudia kuonyesha mamlaka zinazovuka hapo. Mamlaka inayomwaga ndoo tatu au nne kati ya kumi, kabla ya kuniongezea bei ilipe mkopo, inieleze itaziba lini matundu. Uliza pia taasisi za serikali zinadaiwa kiasi gani. Kambi, magereza, hospitali, ofisi. Mama ntilie akichelewa kulipa, fundi anakuja na spana. Ofisi ya serikali ikikaa na deni, spana haionekani. Huwezi kuziambia mamlaka zijitegemee, zikope sokoni kwa asilimia 13.5, wakati wewe mwenyewe hulipi bili.

Sasa maji taka, ambayo nayo yamo kwenye jina. Mamlaka zetu zote zinaitwa za Maji Safi na Usafi wa Mazingira, lakini jamani, hiyo sehemu ya pili mara nyingi imebaki kwenye ubao wa geti. Wahandisi wanakadiria asilimia kama 80 ya maji yanayoingia nyumbani yanatoka kama maji taka. Ukikopa kuleta lita milioni kumi mjini, umekopa pia tatizo la lita milioni nane, na hilo halikuandikwa kwenye maombi. Sababu inaeleweka. Maji safi yanauzika kwa ndoo. Bomba la maji taka ni ghali, linazikwa ndani zaidi, na hakuna anayepanga foleni kulinunua. Kwa hiyo mwombaji analiacha, mkopeshaji naye anafurahi lilivyoachwa.

Matokeo mnayajua wa mabondeni. Mvua ikianza tu, watu wanatapisha vyoo, maji yanapita nayo mlangoni kwa jirani. Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam kikaenda mikoani. Gari la kunyonya halifiki kwenye vichochoro, na likifika si kila mpangaji anayeweza kulilipia. Hapa ndipo mimi sikubali hoja kwamba kila mradi ujilipe wenyewe. Maji taka kwa mtaa wa watu wa kipato cha chini ni kazi ya ruzuku, au ya mkopo nafuu unaobebwa na Hazina, na chama chetu kiseme hivyo bila kuona haya. Soko halitaleta hilo bomba. Kuna Mfuko wa Taifa wa Maji, na kwenye kila lita ya petroli na dizeli tunakatwa shilingi 50 kwa ajili ya maji. Bodaboda wa bondeni anachangia kila anapojaza tanki, na choo chake kinafurika.

Nimalizie na kazi, maana muda mwenyekiti ananionyesha saa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Wanaweza kukataa kwa sababu zilizotajwa kwenye sheria, lakini wakatae kwa maandishi. Kukataa kwa maandishi nako ni karatasi, tunaweza kusonga nayo mbele.

Nimeandaa mfano wa barua. Inaomba kujua mamlaka ya maji ya wilaya yako ina mikopo gani, kutoka kwa nani, riba na sarafu, muda wa kulipa, asilimia ya upotevu wa maji, madeni ya taasisi za serikali, na ni kiasi gani cha kila mkopo kimetengwa kwa maji taka. Andika jina lako kama mwananchi, usiweke nembo ya chama. Usitukane. Peleka nakala mbili, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea na tarehe, ubaki nayo. Bila muhuri hizo siku 30 huna pa kuzihesabia.

Nakala arobaini ziko pale mlangoni kwa katibu, za kutosha kila kata moja. Atakayejibiwa kwanza atutumie kwenye kundi. Karibuni kwa maswali.